Benchi Nililowachongea Wenye Dhambi

Nikianza kusimulia habari hii, masikio yangu yanapata moto hata leo, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo ovyo, wanaonijua wanajua: mtu aliyefika Kericho kutoka kwetu magharibi na kaptula moja na blanketi, akachuma majani chai ya wazungu miaka sita, akawa nyapara, akaacha unyapara akafungua hoteli ya chai na mandazi, na sasa ana posho mili yake mwenyewe ya kusaga unga kando ya barabara ya Kapkatet, injini ya dizeli kabisa, inayosikika mpaka ng'ambo ya mto (wengine wanasema inawasumbua, huo ni wivu). Mtu kama huyo hatishwi na jambo dogo. Lakini Jumapili ile niliomba sakafu ya kanisa ipasuke inimeze, na haikupasuka, kwa sababu ilikuwa ya simiti nzuri, na aliyeitafuta simiti hiyo ni mimi.

Hebu nianze na benchi, maana bila benchi hakuna mkasa.

Shule mimi nilitoka darasa la pili (mwalimu alikuwa anauliza maswali mengi kuliko mimi), lakini kwa akili ya kuzaliwa sijaona wa kunishinda, na ndiyo maana nilipofanywa mzee wa kanisa nikaona mara moja jambo ambalo wasomi hawakuliona: kwamba mtu aliyeteleza, akaacha ibada, au akaonekana kwenye pombe, alikuwa anarudi kanisani na kuketi popote tu, hata karibu na mimi. Nikasema hapana, lazima awe na mahali pake. Nikatoa sheria kwamba akae nyuma kabisa, karibu na mlango, mpaka Mwangalizi wetu, mkubwa wa makanisa yetu yote, atakapokuja kututembelea, ndipo aitwe mbele aungame mbele ya watu wote. Wazee wakapitisha. Na kwa kuwa mimi sisemi jambo nikaacha wengine wafanye, benchi nililichonga mwenyewe, kwa mabanzi ya mti wa blugamu yaliyobaki nilipojenga banda la injini. Nililifanya fupi kwenda juu, bila mahali pa kuegemea, ili mwenye dhambi asipate usingizi. Miguu niliiweka karibu karibu, katikati, ili nisipoteze mbao. Blugamu ilipokauka ikajipinda, na benchi likawa likiguswa tu linalia kwaaa, kanisa zima linageuka. Mimi nilifurahi. Nilisema, ona, hata mbao inashuhudia.

Sasa rafiki yangu ni Kiprono arap Maritim. Huyu ni Mkipsigis wa hapa hapa, mwenye shamba la majani chai na ng'ombe watatu wa maziwa, na urafiki wetu si wa juzi: tulibatizwa siku moja katika mto mmoja, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, na kwa kuwa mimi na maji hatupatani (kwetu hakuna mto mkubwa, sioni aibu kusema) yeye ndiye aliyenishika mkono nisikimbie kabla ya zamu yangu. Alikuwa mtu wa kanisa, hakosi, anakuja na mkewe Tabutany wakiwa wametembea maili tatu. Kisha Tabutany akaugua, akapelekwa hospitali, kanisa likaomba, na Tabutany akafa. Tukamzika. Na tangu siku ile arap Maritim hakukanyaga kanisani. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa karibu mwaka.

Kwenye kikao cha wazee, Mzee Paulo, mwenyekiti wetu, mtu wa maneno machache (na hayo machache yote ni ya kunipinga), akasema, "Arap Maritim tumwache. Moyo wake umekuwa jiwe."

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, "Mzee Paulo, mimi nilikuta injini iliyoshinda mafundi wawili, nikaifanya ingurume. Moyo wa mtu ni nini? Nipeni wiki tatu. Mwangalizi akija, atamkuta arap Maritim ameketi kanisani, na ajue ni nani aliyemleta."

"Haya, Baba Reuben," akaniambia Mzee Paulo. "Tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyoniponza, maana ilinikaa rohoni kama mfupa wa samaki.

Wiki ya kwanza nikamwendea shambani nimebeba Biblia kubwa (kusoma nasoma polepole, lakini kuibeba naibeba vizuri). Nikamkuta anachuma na kapu mgongoni. Nikaanza kuhubiri. Akahamia mstari wa pili, nikamfuata. Akahamia wa tatu, nikamfuata, suruali yangu imelowa umande mpaka magotini, nikahubiri mistari minne ya majani chai mpaka mwisho wa shamba, na mwishoni yeye alikuwa na kapu limejaa na mimi sauti imekauka. Akasema, "Asante, Zablon. Leo nimechuma haraka sana."

Wiki ya pili nikaenda na sukari kilo moja na habari za Ayubu. Nikamweleza jinsi alivyopoteza watoto na mali na mwisho akapewa watoto wengine. Arap Maritim alikuwa anakama ng'ombe, hakugeuka. Akauliza, "Wale watoto wa kwanza, Ayubu aliwasahau?"

Nikasema alipewa wengine, tena wazuri zaidi.

"Sijauliza hao wengine. Nauliza wale wa kwanza."

Swali hilo sikulipenda, nikamwambia ana pepo wa maswali, nikaenda zangu. (Sukari niliiacha, mimi si mtu mbaya.)

Wiki ya tatu nilikuwa nimeishiwa, Mwangalizi anakuja Jumapili, na Mzee Paulo akinipita barabarani anakohoa tu. Nikaenda Ijumaa. Sikubeba kitu. Arap Maritim akanipa kigoda, tukaketi mlangoni pake, akaniuliza, "Zablon, wewe kanisani unakaa wapi siku hizi?"

"Pale pale mbele, kiti cha pili kutoka kwa mchungaji. Mama Reuben amenishonea mto."

"Na mimi nikirudi nitakaa wapi?"

"Benchi la nyuma. Ni sheria."

Akachomoa jani la chai lililonasa kwenye shati lake. Kisha akasema, "Siku utakayokaa hapo na mimi, nitakuja."

Sasa hapa ndipo ningesema ngoja niwaulize wazee, au ngoja Jumapili nyingine ambayo hakuna mgeni. Hayo ndiyo maneno ya mtu mwenye busara. Mimi nikasema, "Ah! Benchi ni mbao tu. Jumapili hii hii." Na habari ya kwamba Jumapili hii hii wa benchi la nyuma huitwa mbele, sikumwambia. Nilijiambia, akiisha kuingia ndani atatoka wapi? Ataitwa, nitasimama kando yake, nitamtambulisha kwa Mwangalizi, na Mzee Paulo atatafuta pa kuweka uso. Wala kwa wazee sikutaja habari ya benchi, wala kwa mke wangu. Nilitaka waone tu mtu ameingia.

Jumapili ikafika. Nikavaa suti yangu ya kijivu na kofia, nikamtanguliza Mama Reuben na watoto, nikasema ninapitia kwa mtu. Kanisa limejaa, watu wa estate za chai wamekuja na wa mashambani wamekuja, Mwangalizi ameketi mbele, mtu mkubwa mwenye miwani, anatoka mbali, hakumbuki uso wa mtu hata mmoja wetu. Tukaingia mimi na arap Maritim wimbo wa kwanza ukiendelea, na nikakaa kwenye benchi la nyuma.

Kwaaa.

Kanisa zima likageuka. Walipomwona arap Maritim nyuso zikafurahi. Walipomwona aliye kando yake, nyuso zikasimama. Nikawapungia kofia, nikatabasamu, nikadhani wataelewa. Mtu akikaa mbele miaka mingi hajui jambo moja, kwamba kutoka nyuma huwezi kueleza kitu. Unaonekana tu. Nikaona vilemba vya upande wa wanawake vinainamiana, kimoja kwa kingine, kama upepo ukipita kwenye mahindi, mpaka vikafika kwa kilemba cha Mama Reuben, nacho kikageuka polepole. Macho niliyotazamwa nayo sitayaeleza.

Kwenye benchi tulikuwa watatu. Mlangoni arap Maritim, katikati Mzee arap Too, na mimi mwisho huku, upande wa njia. Arap Too ni mzee wa pombe za kienyeji, mwenyeji wa benchi hilo, hana ugomvi na mtu. Akaniinamia. "Karibu, Baba Reuben. Usikae mwisho sana. Hili benchi lina tabia zake."

"Benchi hili nimelichonga mimi," nikamwambia.

"Ni wewe?" akasema. Akanitazama mgongo, akajishika na wake. "Mungu akusamehe."

Mahubiri yakaisha. Mwangalizi akafunga Biblia, akavua miwani, akasema kwa sauti nzuri ya taratibu, "Sasa ndugu zetu walioko benchi la nyuma wasimame, waje mbele."

Arap Maritim akanigeukia. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Zablon. Ulisema tutakaa. Hukusema nitaitwa." Akainuka, akashika mlango kwenda zake. Na hapo nikajua kwamba akitoka safari hii hakuna wiki tatu zitakazomrudisha, wala miaka mitatu, na aliyemfukuza ni mimi, nikafungua mdomo nimwite, na wakati huo huo Mzee arap Too, ambaye ni mtu wa kutii, akainuka kwenda mbele.

Nimeshasema miguu ya benchi niliiweka katikati.

Upande wao ukapanda juu, upande wangu ukashuka, na mimi na ratili zangu zote tukaenda chini, suti, kofia na yote, puu! kwenye ile simiti yangu, miguu ikaelekea dari, na benchi likanifuata likanilalia kifuani. Watoto wakapiga kelele. Na Mwangalizi, ambaye bila miwani alikuwa haoni vizuri, akainua mikono yake miwili akasema, "Tazameni! Tazameni jinsi ndugu huyu dhambi yake ilivyomlemea! Mleteni!"

Vijana wawili wa kwaya wakaniokota, wakanipeleka mbele wakinishika kwapa kama mgonjwa. Nikapita kwenye kiti changu chenye mto. Nikapita mbele ya Mzee Paulo, ambaye alikuwa anatazama dari, midomo ameiuma, mabega yanatikisika. Nikafika mbele, nikasimamishwa karibu na arap Too.

"Ndugu," akasema Mwangalizi, "usiogope. Dhambi yako ni nini?"

Nikasema, "Sina."

Kanisa likaguna, mmmmh. Mwangalizi akatikisa kichwa kwa huzuni, akawaambia watu, "Huyu ni mgumu. Tumwombee." Na wakaniombea, wote kwa pamoja, kwa sauti, wengine wakiniwekea mikono kichwani, nikisikia "Bwana vunja kiburi chake!" upande huu na "Bwana fichua!" upande huu, tena huyo wa "fichua" nilijua sauti yake, ni mteja wangu wa posho mili. Nilipotaka kueleza, sauti zilipanda zaidi.

Arap Too akaninong'oneza, "Sema pombe."

"Sinywi pombe!"

"Sema tu. Pombe wanasamehe haraka. Mimi kila mara nasema pombe, dakika tano nimemaliza, nakwenda kunywa chai ya wageni. Ukisema huna, tutakuwa hapa mpaka jioni."

Ndugu zangu, ukisukumwa unashika chochote. Maombi yalipotulia nikasema, "Pombe."

"Asante Bwana!" akasema Mwangalizi. Na labda ingeishia hapo, lakini upande wa wanawake mtu alisimama, na huyo mtu alikuwa mke wangu.

"Uongo!" akasema Mama Reuben. "Mwangalizi, huyo anakudanganya. Huyo hajui pombe. Tumbo lake ni kama la mtoto! Hapo kwa arap Maritim alipewa mursik nusu kikombe, maziwa ya kibuyu tu ambayo watoto wanakunywa, akalala kitandani siku mbili nikimpa uji na kijiko! Pombe ataiweka wapi?"

Watu wakacheka. Nilidhani amekuja kuniokoa, hata nikamtazama kwa mapenzi. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Sasa anaficha kitu gani, mpaka anasingizia pombe? Aseme! Kila Alhamisi anakwenda Boito kutafuta mahindi. Kila Alhamisi! Anavaa hiyo hiyo kofia! Mahindi gani yanataka kofia?"

Hapo kanisa halikuguna, watu walisogea mbele kwenye viti vyao wasikie vizuri, na hilo ni baya zaidi. Nikaanza kusema maneno mengi kwa mara moja, mahindi, magunia, kofia ni ya jua, mwenye mahindi ni mzee mwenye ndevu, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoonekana mwenye wanawake watatu. Mwangalizi akaniwekea mkono begani. "Pole pole, ndugu. Mmoja mmoja."

Ndipo nikasikia mtu anatembea kwenye simiti.

Arap Maritim hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mlangoni wakati wote, kofia mkononi, na sasa alikuwa anakuja mbele, yule aliyekataa kuitwa mbele. Akasimama kando yangu, hakunitazama, akamwambia Mwangalizi, "Huyu hana pombe. Hana mwanamke wa Boito pia, nani atamtaka, anaongea mchana kutwa. Alikaa benchi la nyuma kwa sababu mimi nilimwambia akae. Lakini dhambi anayo. Naijua, kwa sababu alinifanyia mimi."

Mimi nikajiuliza, dhambi gani? Kweli kabisa, nilijiuliza.

"Siku tulipomzika mke wangu," akasema arap Maritim, "huyu alisimama kaburini kuongea kama rafiki wa nyumba. Akasema mtoto wake Reuben alipougua, yeye aliomba siku tatu, mtoto akainuka. Akasema kama nyumba hii ingekuwa na imani kama yake, leo tungekuwa tunakunywa chai na Tabutany."

Akaigeuza kofia yake mkononi.

"Mwaka mzima watu wananiuliza kwa nini siamini. Siku zingine ninaamini, siku zingine naomba na ni kama naongea na ukuta, huo ndio ukweli. Lakini si hilo lililonizuia kuja. Nilikuwa naogopa kukaa nyumba moja ya ibada na huyu, nikimtazama shingo yake pale mbele, nikifikiri labda ni kweli. Labda mimi ndiye niliyemuua kwa kukosa imani. Amekuja kwangu mara tatu. Amehubiri. Ameleta sukari. Hajaniuliza kitu hata kimoja."

Wenzangu, mimi maneno hayo nilikuwa nimeyasahau. Niliyasema, nikashuka, nikala chakula cha matanga, nikayasahau, na yeye akakaa nayo mwaka mzima, anachuma nayo, anakama nayo. Niliyakumbuka palepale, hata mkono niliokuwa nimeuinua nilipoyasema.  Nikapiga magoti mwenyewe, safari hii bila benchi.

Nikasema, "Kiprono, si kweli. Sijui kwa nini Reuben alipona. Sijui kwa nini Tabutany hakupona. Nilisema kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza, basi."

Akaninyoshea mkono, ule ule wa mtoni, akaniinua. Kisha akamwambia Mwangalizi, "Sasa ameungama. Mimi nimemsamehe. Anaweza kurudi kwa kiti chake cha mto." Na kanisa likacheka, na wengine walikuwa wanacheka wanafuta macho, na Mzee Paulo, nitamsema vizuri hapa, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Msidhani mambo yaliishia kwa wimbo. Alhamisi iliyofuata Mama Reuben alikwenda Boito na mimi, juu ya lori, ameketi kwenye magunia matupu, macho yake kwenye kofia yangu njia nzima, mpaka alipomwona mwenye mahindi na ndevu zake mpaka kifuani. Akasema, "Haya. Lakini hiyo kofia iache nyumbani." Nimeiacha. Na kwenye posho mili yangu mwenyewe, injini yangu mwenyewe ikinguruma, kuna watu mpaka leo wakileta debe la mahindi wananiuliza kwa adabu kubwa, "Baba Reuben, leo mursik umejaribu?"

Kaburini sisimami tena kusema. Nikiambiwa nina zamu, nasema jina langu na pole, nakaa chini. Na mtu akiniambia fulani amepoa, imani yake inayumba, siendi na Biblia kubwa wala na Ayubu, nakwenda nauliza, "Imekuwaje?" kisha nafanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya tangu kaptula moja mpaka injini, nayo ni kunyamaza asikike yeye.

Sheria ya benchi wazee waliifuta. Arap Maritim anakuja kanisani, si kila Jumapili. Zile anazokuja hukaa pale pale nyuma, karibu na mlango, anasema anapenda hewa, na mimi nimempa Mzee Paulo ule mto wangu, nakaa huko nyuma na arap Maritim. Anasema kuna Jumapili bado anaongea na ukuta. Ninamwambia sawa, tutakaa. Benchi nimelivunja miguu nikaiweka mwisho huku na mwisho huku, inavyotakiwa, na juzi nimeliongeza mbao nzuri ya kuegemea, si mabanzi, mbao iliyopigwa randa, kwa sababu nimegundua mahali pale mtu anaweza kukaa muda mrefu, na mgongo wangu si wa ujana tena.